Mwanafunzi wa filamu anapata nini kwenye filamu za majaribio?

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama mwanafunzi anayetarajia kuishi kwa kazi ya filamu anapoteza muda akisoma filamu za majaribio, yaani zile zisizotegemea kisa wala waigizaji. Mimi niliingia kwenye kozi ya aina hiyo nchini Ujerumani nikitokea kwenye kazi ya kupiga video za harusi Tanga, na kwa niliyoyapitia naamini hapotezi, mradi akubali kwamba kitu cha kwanza kubadilika ni namna yake ya kutazama, wala si kipato chake.

Tulianza na Bolex, kamera ya Uswisi ya mkanda wa milimita 16 isiyohitaji betri. Unakaza springi yake kwa mkono, nayo ikikazwa hadi mwisho huendesha mkanda kwa takriban sekunde 28 tu kabla ya kusimama. Mkanda wa futi 100 una fremu 4,000, yaani picha moja moja zinazofuatana, hivyo kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde unamalizika kabla ya dakika tatu kutimia. Mtu aliyezoea kadi ya kumbukumbu inayobeba harusi nzima, tangu bibi harusi anapopambwa hadi wageni wanapoaga, hapo analazimika kuamua kabla hajabonyeza: mwanga unatoka upande gani, shoti inaanzia wapi, na kwa nini iishie pale badala ya sekunde mbili mbele.

Baadaye tuliachana kabisa na kamera tukachora moja kwa moja juu ya mkanda, njia aliyoitumia msanii wa filamu Len Lye katika filamu yake A Colour Box mwaka 1935. Alama iliyochorwa kwenye fremu moja humulika mara moja na kupotea; ukitaka jicho liishike, huna budi kuirudia fremu baada ya fremu. Kazi hiyo inachosha mno, lakini ndiyo iliyonifundisha urefu wa sekunde, jambo ambalo miaka yote ya kuhariri kwa kompyuta haikunifundisha. Nilipotazama tena Meshes of the Afternoon, filamu ya mwaka 1943 ya Maya Deren na Alexander Hammid, niliweza kuona kinachofanyika pale mwanamke anapopiga hatua chache, na kila hatua ikatua mahali pengine: mchangani, majani, njia ya lami, kisha zulia. Mwendo wa mguu ndio unaoziunganisha sehemu hizo.

Hata hivyo, nilikomaa zaidi kwenye vikao vya kutazama kazi zetu. Mwenye filamu alitakiwa kunyamaza mpaka wenzake waeleze walichokiona, bila kusifu wala kulaumu. Nilileta shoti za mikono ya mwanafunzi mwenzangu akikanda unga, nikikusudia utulivu. Wao waliona haraka, kwa sababu kila shoti niliikata kabla kiganja hakijamaliza kusukuma. Hakuna aliyeniambia kazi ni mbaya. Walinieleza tu walichokiona, nami nikajua cha kufanya. Tangu hapo sijawahi kuwabishia watazamaji kuhusu nia yangu, na tabia hiyo imenisaidia kwa wateja na kwa wahariri wenzangu kuliko ufundi wowote wa mashine.

Kuhusu ajira, sitakuficha: hakuna mteja wa kwetu aliyewahi kuniuliza kuhusu kozi hiyo. Wanachokiona ni kwamba narekodi kidogo, namaliza kuhariri mapema, na hotuba ya mzee haikatwi katikati ya pumzi.

Kama mkanda na gharama za maabara ya kuusafisha vinakushinda, anza na simu yako. Chagua kitu kimoja nyumbani, jiwekee dakika tatu kwa jumla, usifute shoti yoyote, uziache kwa mpangilio uliozirekodi, kisha waoneshe watu wawili na uwaombe wakueleze walichokiona kabla hujasema neno.