Someni Picha Kabla ya Alama

Wadogo zangu mlioanza radiolojia mwaka huu, juzi niliwatazama mkifungua eksirei za kifua, na kila mmoja wenu aliangalia kwanza alama ya programu ya akili unde, yaani namba inayokadiria uwezekano wa ugonjwa, ndipo akaigeukia picha yenyewe. Siwezi kulinyamazia jambo hili, kwa sababu nami nilifanya hivyo, na aliyeumia ni mgonjwa.

1. Someni picha nzima kabla ya kufungua alama. Nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja hapa Nairobi, foleni ya picha ikiwa ndefu, nikafikia ya mama mboga mmoja aliyekuwa amekohoa wiki 5. Programu yetu ilikuwa ya kutafuta kifua kikuu, nayo ikampa alama ya chini sana. Nilipoiona, macho yangu yalilegea. Nikayapitia mapafu haraka na kuandika kwamba kifua hakina kasoro. Miezi 4 baadaye alirudi amekonda, nami nilipoifungua tena ile picha ya kwanza nilikiona kivuli, kikubwa kama sarafu ya shilingi 5, nyuma ya moyo, mahali ambapo sote tulifundishwa kupaangalia kila mara. Ilikuwa saratani. Programu iliulizwa kuhusu kifua kikuu, ikajibu hilo tu. Kutafuta mengine yote ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya. Niliketi na binti yake nikamweleza, naye akaniuliza swali moja: “Daktari, uliitazama picha ya mama?” Nilikuwa nimeitazama kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuandika ripoti.

2. Jueni programu ilifundishwa kwa picha za nani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, ilhali nimewaona mkiamini alama ya mtoto wa miaka 6. Zipo pia programu zilizojifunza kutambua mrija wa kifuani, ule unaowekwa kutoa hewa iliyolibana pafu, badala ya hewa yenyewe, hivyo zikamwona mgonjwa aliyekwisha kutibiwa na kumkosa yule anayehangaika kupumua.

3. Linganisheni na picha za zamani.

4. Mkihitilafiana na programu, andikeni sababu katika ripoti; mkisita, nipigieni simu hata saa tisa usiku.