Upepo kwanza, nauli baadaye: maswali yenu ya Unguja na Pemba

Barua za safari hii ni nyingi na nusu yake zinauliza nauli. Nimechukua moja tu ya nauli ili nyingine zote zijione zimejibiwa.

Mzee, tuko vijana sita. Julai tunataka kukodi mashua ya tanga Nungwi, tuvuke asubuhi kwenda Pemba na turudi jioni. Inawezekana? (Morogoro)

Kwenda mtakwenda, kazi ni kurudi. Julai ni kusi yenyewe, upepo wa kutoka kusini, na mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinasukuma upande mmoja, kwa hiyo hizo kilomita 50 hivi za maji mnaweza kuzifurahia mkiimba. Jioni mkigeuza omo, mbele ya mashua, upepo uko usoni na mkondo uko usoni. Nahodha atakwenda mshazari kuupinga upepo, atabisha kushoto, atabisha kulia, na giza litawakuta mkiwa bado mnauona mnazi uleule wa Pemba. Waliosafiri kwa tanga tangu zamani hawakuwa na habari ya kurudi leo: majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, kisha yakangoja kusi ianze ndipo yapande kurudi kwao.

Wala msiniambie mtahamishia safari Januari. Kaskazi inavuma kushuka wakati mkondo unapanda. Vikikutana, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama, na chombo kidogo hakilali. Ngojeni kusi ilegee, Oktoba na Novemba, mchukue mashua yenye mashine ya akiba, na mlale Pemba. Nahodha akisema leo hapana, msimwongezee pesa. Hilo ndilo linalonikera zaidi katika barua zenu: mtu hajui kusi wala kaskazi, lakini anajua kumshawishi baharia kwa noti.

Nauli ya boti Dar hadi Unguja ni shilingi ngapi? (wengi)

Ulizeni dirishani, ndani ya ofisi, si kwa papasi, dalali wa mitaani, aliyewashika mkono getini.

Nimeambiwa meli ya usiku ya Pemba ni rahisi. Je, ni salama? (Dodoma)

Usiku wenyewe hauna kosa. MV Spice Islander I ilitoka Unguja kwenda Pemba usiku na ikazama tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi. Kilichoizamisha si giza. Ilikuwa meli ya abiria kama 600, na tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi ilitaja watu 1,573 waliokufa au wasioonekana. Miezi kumi baadaye, 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar, mchana kweupe, kusi ikivuma kwa nguvu.

Kwa hiyo usiniulize usiku au mchana. Simama bandarini utazame. Watu wamekaa kwenye ngazi? Magunia yamefunga njia ya kutokea? Bado wanapandisha ilhali chombo kimeanza kuinama upande mmoja? Basi shuka. Tiketi iliyopotea hailiwi na papa. Najua mtasema kuna msiba, kuna harusi, lazima ufike. Waliopanda ile meli nao walikuwa na harusi zao.

Sijui kuogelea. Nisipande mashua? (Bujumbura)

Panda, lakini jaketi okozi livae mwilini kabla hamjang'oa nanga. Lililofungiwa chini ya mizigo ni pambo.

Tulipelekwa fungu la Nakupenda kwa picha, mara maji yakajaa na tukabebwa haraka kurudi mashuani. Yule nahodha si mzembe? (Nairobi)

Mlikwenda lini, mwezi mpevu? Bamvua hiyo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya huku yanapanda na kushuka kiasi cha mita 4, na fungu la mchanga linapotea lote. Nahodha aliwatoa kwa wakati, mshukuruni. Mzembe ni aliyewauzia safari bila kutaja saa za kupwa na kujaa.

Boti yangu inafika bandari ya Malindi, Unguja, saa tatu asubuhi na naondoka saa kumi. Mji Mkongwe nianzie wapi? (Mwanza)

Usianze na barabara ya Mizingani. Ile kila mtu anaipiga picha, na haihami. Ukitoka getini ingia Malindi penyewe, uwahi soko la samaki kabla halijapoa, kisha utazame mnara wa Msikiti Bamnara, uliochongoka tofauti na minara yote uliyoizoea. Kata vichochoro hadi Darajani. Barabara unayoiona hapo ilikuwa hori la bahari, likiutenga mji na Ng'ambo, mpaka likafukiwa. Ramani ya simu itakupoteza. Toa salamu kwa wazee waliokaa barazani, watakuelekeza, ila ukae nao kidogo.

Mkunazini usipite mbio. Kanisa lile limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873 Sayyid Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Watu wanacheka na kujipiga picha pale kwenye vyumba vya chini. Aibu.

Mwisho ndipo uende ufukweni, Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Barghash aliijenga 1883. Sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Nyumba za mji ule ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Adui yake ni maji yanayopenya darini, na mwenzake ni fundi anayeziba ufa kwa saruji: chokaa inapumua, saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta. Ukiona tangi kubwa la maji limepandishwa juu ya paa la zamani, pita upande wa pili wa njia.

Chakula cha bustani ya Forodhani ni cha jioni, hutakiwahi. Kula urojo Darajani.

Kutapika baharini, dawa yake? (Kigoma)

Kaa katikati ya chombo, nje, macho kwenye upeo, na uiache simu mfukoni. Tangawizi inasaidia. Biriani kabla ya safari haisaidii.

Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu wanauma? (Tabora)

Wametoka Shelisheli na hawana haraka ya kumuuma mtu. Lakini kidole chako kikikaa katikati ya mchicha, hawatachagua.