Dada wa Ujiji, Jumamosi usisaini kitu

Dada, weka kalamu chini. Uzi wako wa hapa jukwaani nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Muuguzi mstaafu, miaka 59, kaunta buku limejaa nyimbo za harusi, kijana wa bongo fleva amekusikia shereheni hapo Ujiji, anataka nyimbo mbili kwa laki tatu, Jumamosi anakuja umsainie karatasi ya mkataba aliyokuachia. Halafu unatuuliza studio gani nzuri Kigoma, kama watu watakucheka kwa umri wako, na kama ujifunze kinanda kwanza! Karatasi umeitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayesema "halafu kuna moshi kidogo jikoni".

La umri nalimaliza hapa hapa. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu, alipewa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, bibi kizee wa Unguja, na sijasikia aliyemdai cheti cha kuzaliwa. Mimi wimbo wangu wa kwanza kupigwa redioni nilikuwa na miaka 58. Tuendelee na moshi.

Niko Tabora, Cheyo. Nilikuwa gadi wa treni miaka 31, nikastaafu kwa hiari nilipofika 55. Kutunga nilianzia ndani ya behewa la gadi, usiku, kati ya Kaliua na Uvinza, huna wa kuongea naye, magurudumu yanapiga tu. Mwanamuziki sikuwa. Utotoni nilisikia bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz kwenye redio ya baba, zikabaki kichwani. Niliandika kujifurahisha, mke wangu akidhani ni hesabu za madeni.

Mwaka 2019 kijana mmoja mwenye studio ya chumba kimoja huku Ng'ambo, ukutani trei za mayai, akanisikia nikiimba kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. "Mzee, hii ngoma ni hela." Kichwa kikavimba. Miaka yote hiyo nyumbani kwangu naambiwa nipunguze sauti, leo mtu wa studio ananiita mzee wa ngoma! Akaniahidi laki moja na nusu taslimu na simu, kitochi kipya ndani ya boksi. Tukaenda kuchapa karatasi karibu na stendi. Dada, miaka 31 nimefanya kazi stesheni sijaibiwa hata kofia. Nikaja kuporwa steshenari.

Karatasi ilisema muuzaji ameuza wimbo pamoja na haki zake zote, moja kwa moja, na hatakuwa na madai yoyote. Mimi niliangalia tarakimu tu, kama sifuri zimetimia. Nikasaini, na dole gumba nikaweka, eti kwa uhakika zaidi. Shahidi akawa binti wa fotokopi.

Miezi minne baadaye niko kwenye bajaji natoka Kitete hospitali, nasikia kibwagizo changu. Neno kwa neno, mpaka ule mdundo niliouchukua kwenye maungio ya reli. Dereva ameongeza sauti mpaka vioo vinatetemeka. Nikamgusa bega: "Kijana, huu wimbo wangu." Akanijibu, "Hata mimi wangu, mzee, naupenda balaa."

Mwaka ule ulipigwa kila harusi. Kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, Ipuli, MC akatangaza wazee tukae kwanza tuwapishe vijana na ngoma yao. Nikakaa. Ukumbi mzima unaimba maneno niliyoyaandika nikiwa na taa ya mkononi na njaa, mimi nashika sahani ya pilau kama mwizi. Mke wangu akaninong'oneza: "Ile laki na nusu tulinunulia nini vile?" Hakuna aliyekumbuka. Kijana wa studio alishahamia Dar. Miito ya simu, YouTube, shoo, vyote vyake, na mtunzi kajiandika yeye. Nilipompigia (kwa kitochi chake mwenyewe) akasema, "Mzee wangu, si ulishalipwa?" Na kweli nililipwa. Hapo ndipo panapouma, maana hata kumtukana vizuri huwezi.

Ila yule kijana simlaumu kama ninavyomlaumu wakili wetu wa kijiweni. Kila kijiwe cha kahawa kinaye: kofia safi, karani mstaafu, sheria zote anazijua isipokuwa zile zilizoandikwa. Nilimfuata kabla ya kusaini, kwa hiyo msiniambie sikuuliza. Akaniambia, "Wimbo si kiwanja, hauna hati. Usipochukua hela leo, kesho atauiba bure." Akachukua elfu kumi ya ushauri. Elfu kumi! Mpaka leo yupo pale pale anashauri watu, na wimbo ukipita redioni anatingisha mguu. Nimehamia kijiwe kingine, kahawa yake chungu lakini moyo unatulia.

Mwishowe nikaenda msaada wa kisheria. Mwanasheria, binti mdogo tu, akaniuliza kama niliisoma karatasi. Nikamjibu niliihesabu. Akanifungulia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wimbo ni mali yako tangu unapoutunga, haungoji hati. Usajili ni ushahidi wa kukusaidia siku ya ubishi. Na ulinzi huo unadumu maisha yako yote, kisha miaka 50 baada ya kufa kwako. Nikapiga hesabu pale pale. Mungu akinifikisha 80, kuanzia ile 58 ni miaka 22, weka 50 ya wajukuu, jumla 72. Miaka 72 nimeitoa kwa laki moja na nusu, yaani elfu mbili na kidogo kwa mwaka. Na betri ya kitochi ilikufa mwaka wa kwanza.

Tena kuna jambo ambalo mzee wa kofia hakulijua kabisa. Maneno na sauti uliyotunga ni kitu kimoja, hiyo ni hakimiliki ya mtunzi. Rekodi aliyopiga mwenye studio ni kitu kingine, yeye na mwimbaji wana hakishiriki yao, yaani haki ya waliorekodi na kuimba. Kwa lugha yangu, wewe umetandika reli, yeye analeta treni. Treni hii ikipita, ya kwaya inaweza kupita, ya taarabu ikapita, kila moja ikilipa njia. Mimi niling'oa reli nikaiuza chuma chakavu.

Kwa hiyo: UZA TIKETI, USIUZE RELI. Nitarudia mpaka wasimamizi wa jukwaa wanifungie.

Kilichookoka kwangu ni jina. Sheria inampa mtunzi haki ya kutajwa, yule binti akaandika barua moja kali, jina langu likawekwa chini ya video kwa herufi za kusomwa na miwani miwili. Sasa sikiliza Mungu alivyo na utani. Mwaka 2021 mwimbaji mmoja wa kike wa Mwanza akaiona ile herufi ya sisimizi, akanitafuta. Leo anaimba nyimbo zangu tatu na wengine wawili wamekuja. Mzee wa miaka 64 napigiwa simu saa nne usiku kuulizwa beti ya pili! Utajiri hakuna, mirabaha, yaani malipo ya wimbo unapotumika, huja kwa kusuasua, lakini jiko nimeezeka na ada ya mjukuu nimelipa. Karatasi siku hizi naandaa mimi: namruhusu kurekodi toleo moja, miaka mitano, natajwa mtunzi, asilimia zangu hizi hapa, na ukitaka kuutumia kwenye tangazo rudi tuzungumze. Nyimbo zote nimezisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mashairi na sauti.

Jumamosi akija, mkaribishe chai. Mwambie laki tatu unaipokea kama ada ya ruhusa. Tafuta neno "kuuza", likate, andika "kuruhusu". Akikasirika mpe na chapati, aende. Na kabla ya hapo jirekodi kwenye simu yako ukiimba nyimbo zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, na lile kaunta buku usimwazime hata kwa usiku mmoja.

Kinanda? Hata mimi sijui kupiga. Studio nayo, dada, trei za mayai zipo kila mtaa, tutaongea ukishavuka Jumamosi.

Umesema karatasi yake ina kurasa mbili. Ya kwangu ilikuwa ukurasa mmoja tu na ilinimaliza. Funika majina, piga picha huo wa pili, uweke hapa leo.