Kipima gesi kikisoma sifuri kwenye chumba cha pampu, usikiamini haraka

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba kwenye tanka unalofanyia kazi king'ora cha gesi cha chumba cha pampu kililia mara kadhaa wakati wa kushusha shehena, ukatumwa chini ukiwa na kipima gesi cha mkononi, kikasoma sifuri, na baada ya hapo afisa mkuu wa deki akaamuru sensa ya king'ora hicho, yaani kihisi chake cha gesi, izimwe hadi meli itakapoingia chelezoni. Unauliza kama uamuzi huo ulikuwa sahihi, na kama sensa za infraredi, zinazotumia mwanga usioonekana kwa macho, zingeondoa usumbufu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye meli za mafuta na za gesi katika Ghuba, kisha kwenye jukwaa la gesi baharini. Kwa swali la kwanza jibu langu ni hapana. Kwa la pili, zingesaidia, lakini si kwa namna unayoifikiria.

Tuanze na namba yenyewe. Kipima gesi inayowaka, kikiwa katika kipimo chake cha kawaida, hakionyeshi asilimia ya gesi iliyomo hewani, bali huonyesha umekaribia kiasi gani ule mchanganyiko hafifu kabisa unaoweza kushika moto. Kwa methani mchanganyiko huo ni takriban 5% ya gesi ndani ya hewa. Kwa mvuke wa mafuta ghafi na wa petroli, mabaharia huhesabu kuanzia 1%. Kioo kikisoma 100, umefika. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka king'ora cha chumba cha pampu cha tanka kiwekwe kisizidi 10, na kwa mvuke wa mafuta hiyo ni gesi isiyozidi 0.1% ya hewa yote. Kitu kilichowekwa kulia mapema namna hiyo lazima kilie kabla pua ya mtu haijahisi lolote, na hapo ndipo watu husema kinalia ovyo.

Sasa sifuri yako. Inawezekana kabisa kwamba hapakuwa na gesi, lakini kuna njia nyingine kadhaa za kipima gesi kufika hapo. Vipima vingi vya mkononi bado hutumia shanga mbili ndogo zenye waya wa platini: gesi inapofika kwenye shanga iliyopakwa kichocheo, yaani kemikali inayosaidia gesi kuungua, huungua, joto hupanda, ukinzani wa waya hubadilika, na badiliko hilo ndilo linaloandikwa kwenye kioo kama namba. Kifaa kinachopima kwa kuunguza kinahitaji oksijeni. Tangi lililojazwa gesi ajizi, yaani moshi wa boila uliosafishwa na kupoozwa ili oksijeni ibaki chini ya 8%, linaweza kuwa limejaa mvuke wa mafuta na shanga zisione kitu. Niliwahi kumwona kijana mmoja akiteremsha mpira wa sampuli kwenye tangi kupitia tundu la kupimia kina, na kipima gesi, cha aina ya zamani, kikaruka hadi 90, kikayumba, kisha kikashuka taratibu mpaka sifuri. Akasema kwa furaha kwamba hewa ni safi. Afisa hakubishana naye, alimwomba tu amsomee namba ya oksijeni, na ilikuwa 3%. Kipima gesi kilikuwa kimepita katikati ya hatari na kutokea upande wa pili, ambako gesi ni nyingi mno kuliko hewa ya kuiunguza. Vifaa vya sasa vingi hujifunga na kuonyesha kwamba kipimo kimezidi, lakini vya zamani bado vimo melini.

Njia nyingine ni sumu ya sensa. Silikoni ndiyo adui mkubwa: ile ya kupuliza kwenye viungo vya umeme, ya kung'arishia vioo, hata ya grisi fulani. Ikigusa shanga, kichocheo hufunikwa na sensa hufa kimyakimya, bila taa wala mlio wa hitilafu. Itaendelea kusoma sifuri kwa uaminifu mahali popote utakapoipeleka. Ndiyo maana kabla ya kushuka mahali pa hatari kipima gesi hupulizwa gesi ya majaribio kutoka kwenye mtungi mdogo, na namba inapaswa kupanda hadi ile iliyoandikwa kwenye mtungi, king'ora nacho kilie. Kukiwasha na kuona sifuri kwenye hewa safi ya deki si jaribio, kwa sababu sensa iliyokufa nayo husoma hivyo hivyo. Hukutaja kama kipima gesi ulichopewa kilipulizwa gesi siku ile, na mimi ningeanzia hapo.

Kuna pia suala la mahali na wakati. Kwenye matanka mengi, mtambo uliofungwa hunyonya hewa kwa mirija kutoka sehemu moja baada ya nyingine na kuipeleka kwenye kabati moja la kupimia. Kwa hiyo namba iliyoliza king'ora ni ya hewa iliyovutwa kitambo kabla hujavaa kofia ngumu. Feni za chumba cha pampu hutakiwa kubadilisha hewa yote mara 20 kwa saa, tena kwa kunyonya kutoka chini, kwa sababu mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa na hujilaza chini ya mabamba ya sakafu. Muhuri wa shafti ya pampu, yaani kiziba cha kuzuia uvujaji pale shafti inapoingia kwenye pampu, unaovuja pampu inapokaza mwendo, kisha ukatulia mwendo ukipungua, utaliza king'ora na kukuachia hewa safi ya kupima. Tena ukipima ukiwa umesimama, kipima gesi kikiwa kifuani, umepima hewa ya kifuani tu. Teremsha mpira hadi juu kidogo ya maji machafu ya chini, upe muda wa kutosha wa kuvuta kulingana na urefu wake, na uhakikishe haujakunjika wala kunyonya maji.

Kuhusu infraredi: sensa hizo hutazama jinsi gesi inavyomeza mwanga, kwa hiyo hazihitaji oksijeni, haziuliwi na silikoni, na kioo cha kupitishia mwanga huo kikichafuka husema zenyewe kwamba zina hitilafu. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwamba inapougua inajitangaza. Hata hivyo haziioni hidrojeni kabisa. Na kama gesi inavuja kweli, infraredi haitapunguza makelele, huenda ikayaongeza.

Majukwaani mambo hubadilika, kwani adui wa sensa huko ni upepo. Wingu la gesi linaweza kupita mita chache tu kando ya sensa nzuri na lisionekane. Ndiyo maana huongezwa miali ya infraredi inayokatiza sehemu nzima ya jukwaa, pamoja na visikizi vinavyonasa sauti kali ya gesi ya shinikizo kubwa inapotoka kwenye tundu, hata kama wingu limepeperushwa. Visikizi hivyo havina msaada kwa uvujaji wa polepole kama wa muhuri wa pampu. Kwa kutafuta kiungo kinachovuja, maji ya sabuni bado hayana mpinzani.

Jambo lililonifanya niandike kwa urefu hivi ni lile ulilolipita kwa maneno mawili: "nikatumwa chini". Tarehe 11 Februari 2015, kwenye meli ya kuzalisha mafuta na gesi iitwayo Cidade de São Mateus, katika bahari ya Brazili, kondensati, yaani mafuta mepesi yanayotokana na gesi, ilivuja ndani ya chumba cha pampu. Sensa ziligundua gesi na ving'ora vikalia. Watu wakapelekwa ndani zaidi ya mara moja kukagua na kushughulikia uvujaji, na mlipuko ukatokea kikosi kikiwa humo. Watu 9 walikufa. Sensa zilikuwa zimefanya kazi yake siku ile. King'ora cha gesi kikilia, kinachostahili kufuata ni kusimamisha pampu, kuwatoa waliomo, kuacha feni zifanye kazi, na kupima kutoka juu kwa mpira au kwa mtambo uliofungwa. Mtu hafanywi kuwa kipimo cha pili.

Kuizima sensa nako kuna historia yake. Baada ya mlipuko wa Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba visima vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010, ulioua watu 11, fundi mkuu wa elektroniki, Mike Williams, aliwaeleza wachunguzi kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimezuiwa kujiliza chenyewe ili watu wasiamshwe usiku kwa kengele za uongo. Sikatai kwamba wakati mwingine sensa hulazimika kuzimwa, kwa mfano wakati wa kuifanyia matengenezo. Lakini huzimwa kwa kibali cha maandishi chenye saa ya kuanza na ya kumalizika, zamu zote zikijua, na kukiwa na upimaji mwingine mahali pake. "Hadi chelezoni" si muda wa kibali.

Kwa hiyo ningekushauri umwombe afisa wako mambo matatu, kwa heshima na kwa maandishi: sensa ile ipulizwe gesi ya majaribio mbele ya watu ili ijulikane kama ni nzima, kumbukumbu za mtambo zilinganishwe na saa ambazo pampu zilikuwa zikikaza mwendo, na mihuri ya pampu ikaguliwe, pampu zikiwa zimezimwa na chumba kimepimwa. Kama king'ora kililia kila mara pampu ileile ilipokuwa kazini, umeshapata jibu bila kununua sensa mpya. Ukikataliwa yote matatu, nenda kwa nahodha. Naye akikataa, kanuni za ISM, zile za kimataifa za usimamizi wa usalama melini, zinaitaka kampuni iwe na mtu maalumu nchi kavu wa kupokea taarifa za usalama kutoka melini moja kwa moja, na kwa kawaida jina na namba yake hubandikwa kwenye ubao wa matangazo.