Mwacheni dereva na breki yake, kamateni bomba

Mmeuliza wiki hii kama mabaraza ya miji yapige marufuku malori kutumia breki ya injini kwenye makaazi. Mimi nakaa Mkoani, Pemba, kwenye mteremko wa kushukia bandarini, na kelele zenyewe nazijua: tratratra inaanzia juu kule, vioo vya madirisha vinatetema mpaka gari ifike chini. Usiku wa manane mtoto akishtuka, kumlaza tena ni kazi. Hata hivyo jibu langu ni hapana.

Breki hiyo haikubuniwa kwa ufakhari. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli wa Marekani, alikuwa kwenye lori likishuka mlima huko California. Breki zikachemka zikakataa, na mbele yao treni inakatiza barabara. Walinusurika chupuchupu. Miaka mingi baadaye akabuni breki inayotumia injini yenyewe, ikaanza kuuzwa 1961. Injini inabana hewa, kisha valvu zinafunguka ghafla kuitoa, na gari inapungua kasi bila ya kuzichosha breki za magurudumu. Hewa ile ikitoka ndiyo inayoripuka. Malori mengi ya Kijapani yana aina ya kimya zaidi, kilango ndani ya bomba la moshi kinachofungwa ili moshi ubanwe.

Bomba likiwa zima, jirani hata hageuki kitandani. Lakini gari zinazotuamsha sisi zimekatwa sailensa, kile kikopo cha bomba la moshi kinachozima kelele, fundi kachomelea bomba tupu, eti gari ipate nguvu. Iko moja bomba lake limefungwa kwa waya, linaning'inia. Mkataze dereva wake breki ya injini: akipanda na saruji atanguruma vilevile, na akishuka ataziunguza breki zake mbele ya nyumba zetu. Wenzetu wa Unguja kwenu tambarare, semeni mtakavyo. Pemba ni vilima.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya Zanzibar ya 2014 inayaruhusu mabaraza kutunga sheria ndogo. Basi itungwe ya sailensa: lori lisilo nayo lizuiwe mpaka ifungwe nyengine. Faini peke yake haitoshi, tajiri anailipa na kesho gari iko barabarani. Ukaguzi uanzie getini bandarini, magari yanapoteremshwa kutoka melini. Dereva apige resi mara moja tu, mkaguzi atasikia mwenyewe.

Msomaji, Mkoani, Pemba