Punguzo la ukarabati si mapato, kodi ya mpangaji ni mapato

Dadangu aliyeolewa Marekani alinipigia juzi baada ya isha, roho juu. Amefunga mashine mpya ya umeme ya kupasha nyumba joto. Bei dola 12,000, serikali ikabeba 8,000, yeye akatoa 4,000. "Kaka, hizo elfu nane si wataniandikia kuwa ni mapato?"

Hapana. IRS, mamlaka ya ushuru ya huko, ilitangaza Aprili 2024 kwamba marejesho ya nishati majumbani yaliyoletwa na sheria ya mwaka 2022 si mapato ya mwenye nyumba, ni punguzo la bei. Mtego uko mbele: siku akiuza nyumba na kupigiwa hesabu ya faida, asidai kuwa mashine ilimgharimu 12,000. Yake ni 4,000 tu. Na asichukue jibu hili akalivisha kila msaada wa serikali. Mingine ina sheria zake.

Nilimsisitizia atunze karatasi ya fundi, maana mimi nilishaungua.

Nina nyumba ya urithi hapa Langoni, Lamu, chini nimepangisha kwa shilingi 35,000 kwa mwezi. Boriti za dari ziliingiwa na mchwa. Ukizigonga kwa ufunguo zinalia tupu, unga unakumwagikia machoni. Na nyumba ya mawe ya matumbawe huibandiki saruji ukaenda zako, yataka chokaa. Boriti, chokaa, mchanga wa kubebwa na punda, ujira wa fundi: 175,000. Kodi ya miezi mitano yote. Nikajipigia hesabu kwamba sikupata kitu, basi sina la kulipa.

Lugha yetu nayo inatuponza: mpangaji hunilipa kodi, nami naambiwa nilipe kodi. Ushuru wa kodi ya nyumba za makazi Kenya, kwa anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kabla ya kutoa gharama yoyote. Mchwa hawahesabiwi. Nilitakiwa kulipa 2,625 kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kwa miezi mitano ni 13,125, ikaongezwa faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi wa kuchelewa.

Ukiona mwaka wa matengenezo makubwa unakuja, unaweza kuiandikia KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, mapema uhamie ushuru wa mapato wa kawaida, ambako gharama za ukarabati hutolewa kwanza. Ukarabati, si kuongeza chumba. Lakini huko wanataka risiti, na yangu ilikuwa nyuma ya pakiti ya sigara: "boriti 40, ishalipwa."

Sasa nimemnunulia fundi kitabu cha risiti. Hucheka kila akiandika, ila huandika.