Regyuleta moja kubwa, au kila bodi na yake?

Swali: Roboti yangu ina bodi ya mikrokontrola, bodi ya vihisi na bodi ya kuendesha mota. Betri ni ya lithiamu ya seli 3, na umeme wote, hata wa mota, unapita kwenye regyuleta moja (kifaa cha kushusha volteji na kuiweka thabiti) ya aina ya 7805, inayotoa volti 5. Regyuleta hiyo inachemka mno, na mikrokontrola hujizima na kuwaka upya kila mota zinapoanza kuzunguka. Je, nifunge regyuleta kubwa zaidi, au kila bodi iwe na yake?

Jibu: Kila bodi iwe na yake, lakini kwanza ziondoe mota kwenye regyuleta. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo unaozidi ule wa kawaida mara kadhaa, 7805 inaelemewa, volteji inaporomoka, na mikrokontrola ndiyo inayoumia. Ikiwa mota zinahimili volti 12.6, ambazo ndizo za betri iliyojaa, zipewe tawi lao kutoka kwenye betri, na kapasita ya maikrofaradi 470 au zaidi ikae karibu kabisa na bodi ya kuendesha mota.

Kuhusu joto, hesabu yenyewe inatosha: kutoka volti 12.6 hadi 5, mkondo wa ampea 1 unapoteza wati 7.6 kama joto ilhali bodi zinapata wati 5 tu. Kwa hiyo tumia regyuleta za swichi, zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi badala ya kuupoteza kama joto, ambazo nyingi hufikia ufanisi wa karibu asilimia 90. Wengi husahau kwamba regyuleta za aina hii huvuta mkondo mkubwa zaidi kadiri betri inavyoisha: mzigo wa volti 5 na ampea 2 unahitaji takriban ampea 0.9 betri ikiwa imejaa, lakini ampea 1.2 ikishuka hadi volti 9, na kwa sababu hiyo nyaya na fyuzi zikadiriwe kwa betri iliyokaribia kuisha.

Vihisi havipendi mawimbi ya swichi. Hapo regyuleta ndogo ya kawaida, isiyo na swichi kama 7805, ya kushusha volti 5 hadi 3.3, inafaa kabisa, kwani kwa ampea 0.1 hupoteza wati 0.17 tu.

Nyaya hasi za matawi yote zikutane sehemu moja, karibu na betri. Mkondo wa mota wa ampea 10 ukirudi kwa waya wa pamoja wenye ukinzani wa omu 0.02, hasi ya vihisi itapanda kwa volti 0.2 na vipimo vyako vitayumba. Ukimaliza, pima volteji kwenye pini za mikrokontrola yenyewe, kwa osiloskopu (kifaa kinachoonyesha volteji inavyobadilika), huku mota zikiwashwa zote kwa pamoja na betri ikiwa imekaribia kuisha.